Shajara ya mradi: kuiandaa kaya moja dhidi ya mafuriko, mwambao wa Ghuba ya Speke, Juni 2024 hadi Mei 2025

9 Juni 2024: Kupima kabla ya kununua

Nyumba yetu iko katika kitongoji kimoja cha Wilaya ya Magu, mkoani Mwanza, na wakati naanza kuandika haya maji ya Ziwa Victoria yako mita 110 kutoka kwenye kizingiti cha mlango wa mbele. Tuko watu saba: mimi, mume wangu ambaye ni mvuvi wa dagaa, mama mkwe na watoto wanne. Hatukujenga ndani ya zile mita 60 ambazo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza kuendesha shughuli za kudumu, na kwa muda mrefu tuliamini kwamba hilo lilitosha. Mwezi uliopita imani hiyo ilitikisika, kwa sababu ziwa lilipita alama ya Mei 2020, ambayo nayo ilikuwa karibu sawa na ile ya 1964. Mama mkwe anaikumbuka ile ya zamani. Ziwa lilipanda kwa zaidi ya mita mbili kati ya 1961 na 1964, na wazazi wake walihamisha boma lote.

Nilinunua mpira wa maji unaopitisha mwanga, wa mita 20, kwa shilingi 24,000, ule ambao mafundi huutumia kusawazisha msingi. Alama ya chini ilikuwa mstari wa magugu maji yaliyokauka kwenye shina la mwembe ulioko ufukweni, na alama ya juu ilikuwa kizingiti. Kipimo cha kwanza kilitoa tofauti ya mita 1.4, cha pili mita 1.9. Nilidhani nimekosea kuhesabu vituo, yaani mara tulizousogeza mpira, kumbe kulikuwa na kiputo cha hewa chenye urefu wa kidole katikati ya mpira, na kiputo kikikaa humo maji ya ncha mbili hayawezi kusimama sawa. Tuliujaza upya kwa kunyonya kutoka kwenye ndoo iliyowekwa juu ya meza, tukaugongagonga hadi viputo vyote vikatoka, kisha tukapima mara mbili zaidi. Zote zilitoa mita 1.9, na hiyo ndiyo ninayoitumia. Atakayerudia kazi hii na asiamini kipimo kimoja.

30 Juni 2024: Tuta la viroba

Tumejenga tuta la viroba vya mchanga upande wa ziwa, lenye urefu wa mita 22, na kuunganisha ncha zake na ukuta wa zizi la mbuzi upande mmoja na ukuta wa jiko upande wa pili. Viroba vitupu 140 kwa shilingi 400 kila kimoja ni 56,000, na vibarua wawili kwa siku tatu, kwa shilingi 10,000 kwa siku, ni 60,000. Jumla 116,000, sehemu kubwa ikiwa mkopo wa kikoba. Viroba vilijazwa theluthi mbili tu ili vilale na kushikana, na vikapangwa kama matofali, kiungo cha juu kikiangukia katikati ya kiroba cha chini. Tuta linapendeza, na majirani watatu wamekuja kuliangalia.

18 Agosti 2024: Akiba ya chakula

Viazi vitamu vilikuwa vingi mwaka huu, kwa hiyo tulitengeneza michembe (vipande vilivyokaushwa vikiwa vibichi) na matobolwa (vilivyochemshwa kwanza) ya kutosha miezi mitatu na kuyahifadhi katika mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, mitatu kwa shilingi 5,000 kila mmoja. Mfuko mmoja wa michembe umeharibika. Tuliufunga baada ya siku mbili za jua, kwa haraka, kwa sababu tulikuwa na msiba upande wa Kwimba, na wiki mbili baadaye ulipofunguliwa ulitoa harufu ya pombe na vipande vilikuwa na madoa ya kijani. Mfuko wa namna hii unazuia unyevu kuingia, lakini unazuia pia uliomo kutoka. Mama mkwe hakushangaa. Alichukua kipande akakivunja karibu na sikio langu, kikajikunja bila sauti. Kisha akavunja kimoja cha mfuko mzuri, kikalia kama kijiti. Hicho ndicho kipimo chetu sasa, na hakina gharama.

21 Septemba 2024: Ndoo ya nyaraka na vifaa

Ndoo ya rangi ya lita 20 yenye mfuniko wa kubana, iliyosafishwa, imenunuliwa kwa shilingi 6,000. Ndani yake kuna vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho vya taifa, kadi za kliniki, vyeti vya shule na hatimiliki ya kimila ya shamba, pamoja na tochi mbili (14,000), redio ndogo yenye paneli ya sola mgongoni (38,000), filimbi mbili (2,000) na vidonge vya klorini vya kutibia maji (3,000), ambavyo kila kimoja ni cha lita 20 na maji husubiriwa dakika 30 kabla ya kunywewa. Picha za nyaraka zote nimempelekea dada yangu aliyeko Mwanza mjini. Ndoo iko chini ya kitanda changu.

12 Oktoba 2024: Zoezi la kengele, na jinsi lilivyotugeuka

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imezishusha kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji, na mwenyekiti wa kitongoji alikubali tufanye zoezi la usiku kwa kaya 14 za upande wetu. Tulikubaliana kwamba ishara itakuwa filimbi ikifuatwa na mwano, lile yowe la kuitana ambalo Msukuma yeyote analijua tangu enzi za sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji, na kwamba kila mtu akisikia atoe watoto na wazee na kuelekea uwanja wa shule, upande wa juu wa barabara. Saa mbili usiku mume wangu alisimama karibu na ufukwe, mahali ambapo maji yangetokea, akapiga filimbi na kupaza mwano.

Ndani ya dakika tano tulikuwa na wanaume kumi na tisa ufukweni, wenye fimbo na mapanga, wawili wakiwa na pinde. Mmoja alikuja na taulo tu kiunoni. Hakuna aliyekwenda shuleni isipokuwa mama mmoja mwenye mtoto mchanga, ambaye alikuwepo kwenye kikao tangu mwanzo hadi mwisho na kwa hiyo aliyakumbuka makubaliano. Mzee mmoja aliniuliza, kwa upole uliozidi hasira, "Mwalimu, mwizi yuko wapi?" Nilipomweleza kwamba lilikuwa zoezi la mafuriko alitikisa kichwa na kusema kwamba mwano unamwita mtu aje, haumwambii akimbie.

Alikuwa na haki kabisa, na kosa lilikuwa langu. Tulichagua ishara kwa sababu kila mtu anaijua, bila kujiuliza kila mtu anaijua kwa maana gani. Kwa miaka zaidi ya arobaini miguu ya watu wa hapa imefundishwa kwamba mwano ukisikika unaifuata sauti, na kikao kimoja cha alasiri hakiwezi kuifuta elimu hiyo. Kama maji yangekuwepo kweli, tungekuwa tumewaita wanaume wote wa kitongoji waingie majini gizani na kuwaacha watoto nyumbani bila mtu.

Filimbi nazo zimeachwa, kwani ni za sungusungu vilevile. Mahali pake tumenunua rimu ya gari kwenye gereji moja mjini Magu, pamoja na mnyororo, kwa shilingi 18,000, tukaining'iniza kwenye mti ulioko upande wa juu wa kitongoji, mbali na ziwa, ili hata atakayeifuata sauti kwa mazoea awe anaelekea kwenye usalama. Shule nayo hutumia rimu, kwa hiyo yetu hupigwa mapigo matatu, kimya, matatu, na zoezi lilirudiwa tarehe 19. Kaya 11 kati ya 14 zilifika mahali palipopangwa ndani ya dakika 12. Tatu zilizobaki zilidai kwamba zilikuwa zimelala, jambo ambalo ndilo hasa tulilotaka kulijua.

24 Novemba 2024: Maji yamekuja kutoka nyuma

Usiku wa Alhamisi, tarehe 21, kipimamvua chetu (chupa ya plastiki iliyonyooka, iliyokatwa shingo, yenye rula ubavuni) kiliokota milimita 64 kwa muda usiofika saa mbili. Ziwa halikusogea hata kidogo. Maji yalitoka barabarani, juu yetu, kupitia kalvati dogo (njia ya maji chini ya barabara) ambalo ninapita juu yake kila siku nikienda kazini bila kulitazama, yakaingia uani kupitia nyuma ya nyumba. Yalipofika upande wa mbele yalikutana na tuta letu zuri la viroba, lililoungana na zizi na jiko, na hayakuwa na pa kutokea. Tulikuwa tumejijengea bwawa na kukaa ndani yake.

Maji yalifika sentimita 31 ukutani. Mstari wa tope bado unaonekana chini ya dirisha la jiko. Mume wangu na kijana wetu mkubwa walibomoa tuta kwa jembe katika mvua, na mara tu viroba vitano vilipoondolewa ua ulianza kukauka kwa kasi ambayo ingefurahisha kama isingekuwa saa nane za usiku. Tumepoteza kuku sita na mfuko mmoja wa matobolwa uliokuwa sakafuni. Hakuna mtu aliyeumia.

Nimekaa na hesabu hizi kwa siku tatu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Eneo linalomwagia kwenye lile kalvati, kwa hatua zangu, ni kama nusu ekari, yaani takriban mita za mraba 2,000, kwa hiyo milimita 64 ni lita 128,000, au madumu 6,400 ya lita 20. Si yote hutiririka, lakini udongo wa hapo ni mbuga nyeusi: mwanzoni mwa Vuli una nyufa zinazomeza mvua, kisha unavimba, nyufa zinafunga, na baada ya hapo ni kama kumwaga maji juu ya sahani. Ziwa ni kitu tofauti kabisa. Sehemu kubwa ya maji yake hutokana na mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na kiwango chake hupanda kwa majuma na miezi. Lingetupa muda wa kuhamisha hata mlango. Nilipima kwa makini tishio linalokuja polepole na nikaliacha bila kipimo lile linalokuja kwa saa moja, kwa sababu ziwa ndilo lililokuwa likizungumzwa na kila mtu.

Mambo mengine mawili. Angalizo la mvua kubwa lilikuwa limetolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa jioni ile na kusomwa redioni, lakini redio yetu ya sola ilikuwa ndani ya ndoo, chini ya kitanda, gizani, kwa miezi miwili, na betri yake ilikuwa imekufa. Tochi moja ilikuwa na betri, ya pili betri zake zilikuwa zimekwenda kwenye tochi ya kusomea ya binti yangu. Na njia ya kwenda uwanja wa shule, mahali petu pa kukimbilia, inavuka barabara palepale kwenye kalvati.

15 Desemba 2024: Mtaro wa kwanza, kosa la pili

Tulichimba mtaro wa mita 35 ubavuni mwa nyumba, kutoka barabarani moja kwa moja hadi chini, kwa shilingi 1,500 kwa mita, jumla 52,500. Mvua mbili za kawaida ziliugeuza kuwa korongo. Sehemu ya chini iliyochimbwa sentimita 45 sasa ni zaidi ya mita moja, na udongo wake wote uliishia katika shamba la pamba la jirani, ukafunika mistari iliyokuwa imeota siku chache tu. Jirani hakupiga kelele. Alikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, tukaitwa, na tukakubaliana nilipe shilingi 30,000 za mbegu na kibarua cha kupanda upya, jambo ambalo naliona kuwa la haki na hata la ukarimu. Mtu anayechimba mtaro hayaondoi maji; anayapeleka kwa mtu mwingine, na mtu huyo anastahili kuulizwa kabla ya jembe kugusa ardhi.

19 Januari 2025: Mtaro wa pili

Safari hii tulianzia mwisho. Tulitembea na jirani yuleyule, pamoja na mwenyekiti, tukakubaliana kwamba maji yaingie kwenye mkondo wa asili ulioko magharibi, ambao hauguswi na shamba la mtu, na makubaliano hayo yameandikwa na kusainiwa na pande zote. Kisha tukaupima mtaro kwa ule mpira, ukikata mteremko badala ya kuufuata, ukishuka sentimita moja kwa kila mita. Umekuwa na urefu wa mita 62, upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 45, kwa shilingi 93,000. Udongo uliochimbwa umewekwa upande wa chini na kupandwa nyasi za vetiva, na viroba 90 vilivyosalia kwenye tuta la zamani vimetandikwa kwenye mdomo wa mtaro, pale maji yanapodondokea mkondoni, ili pasichimbike.

Mahali pa kukimbilia pamehamishiwa nyumbani kwa balozi wa nyumba kumi, kando ya jabali la magharibi, upande ambao hauna haja ya kuvuka barabara. Vijana walipendekeza tupande juu ya jabali lenyewe, tukakataa kwa sababu ya radi.

Redio imetoka kwenye ndoo na sasa inakaa dirishani jikoni, inasikilizwa kila siku, na kwa hiyo inachajiwa kila siku. Tochi ya kusomea imepewa betri zake na imeandikwa jina.

6 Aprili 2025: Masika, choo na kuvu

Tarehe 29 Machi kipimamvua kilionyesha milimita 58. Mtaro ulijaa hadi robo tatu, ukapitisha, na ua ukabaki na matope ya kawaida. Mdomo wake ulisogeza viroba vinne, ambavyo vimerudishwa na kushikizwa kwa mawe.

Tulichosahau ni choo. Maji ya ardhini yalipanda ndani ya shimo hadi yakabaki kama shubiri moja kabla ya sakafu, na kisima cha jirani kiko mita 25 tu upande wa chini. Kwa siku nne tulitumia choo cha balozi, na kaya tatu zilitibu maji yote ya kunywa kwa klorini, yakichujwa kwanza kwa kitenge kilichokunjwa mara nne. Sasa choo kimeinuliwa: matofali 150 (22,500), mifuko mitatu ya saruji (57,000) na fundi (50,000), jumla 129,500. Kuinua kunaokoa sakafu na kuzuia kufurika, lakini hakuongezi umbali wa shimo na kisima, kwa hiyo klorini itaendelea kila Masika hadi shimo jipya litakapochimbwa mahali pengine.

Ndoo ya nyaraka ilipita mafuriko yote bila tone kuingia, kisha ikaharibiwa kutoka ndani. Niliifungua kutafuta cheti cha kijana na nikakuta kadi mbili za kliniki zimegandana, na nilipozitenganisha, safu ya chanjo za mtoto wa mwisho ilibaki kwenye mgongo wa kadi ya dada yake, imeandikwa kinyume kama kwenye kioo. Niliifunga ndoo hiyo Septemba baada ya kuifuta kwa kitambaa kibichi. Karatasi zilikaushwa kivulini, kila moja imo ndani ya mfuko wake wa plastiki, na chini ya ndoo kuna kitambaa chenye mchele uliokaangwa hadi ukakauka kabisa, ambao hubadilishwa kila mwisho wa mwezi. Kadi ya mtoto iliandikwa upya kliniki kwa kutumia ile picha aliyokuwa nayo dada yangu.

Kuhusu radi nitaandika kifupi. Ngurumo za ziwani huwa nyingi usiku, kwa kuwa nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, na upepo wa kutoka pande zote hukutana juu ya ziwa lenye joto. Ndizo saa za kuvua dagaa. Mume wangu huhesabu sekunde kati ya mwanga na mlio, tatu kwa kila kilomita, na makubaliano yetu ni kwamba zikipungua 30 kabla hajatoka, hatoki. Tangu Januari amekosa usiku saba kwa sababu hiyo, na hasara hiyo siijumlishi kwenye gharama za mradi, ingawa yeye anaijumlisha.

25 Mei 2025: Hesabu na kazi iliyosalia

Jumla ya fedha zilizotoka kwa miezi kumi na miwili ni shilingi 541,000. Kati ya hizo, 200,500 zilikwenda kwenye makosa: tuta 116,000, mtaro wa kwanza 52,500, fidia 30,000 na filimbi 2,000, ingawa viroba 90 vimepata kazi nyingine na filimbi moja anayo mtoto. Mkopo wa kikoba umebaki na awamu mbili.

Kalvati bado halijaguswa. Tumeandika barua kwa mtendaji wa kijiji ikiwa na vipimo vya mvua vya tarehe 21 Novemba na 29 Machi, pamoja na mchoro wa maji yanakotoka, na tumeambiwa itasomwa kwenye mkutano wa Julai. Wakati huo huo kaya tano za karibu zinaondoa takataka mdomoni mwake kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Mara ya mwisho tulitoa kandambili tatu, gunia la mkaa na nusu ya jamvi.

Mama mkwe ameomba kamba ya rimu irefushwe, kwa sababu yeye ndiye anayeamka wa kwanza mvua ikianza na haifikii. Nimeinunua leo, mita mbili, shilingi 1,000, na itaingia kwenye hesabu ya mwaka ujao.